Wageni wa Juni

Shule zetu za msingi hufungwa mwanzoni mwa Juni, zikafunguliwa Julai. Vyuo vya Ulaya na Marekani navyo viko likizo wakati huohuo, tena likizo ndefu. Hivyo basi ndege zinaposhusha pale KIA vijana waliokuja kufundisha watoto wa Moshi na Arusha, watoto wenyewe wapo nyumbani: huyu anakata majani ya ng'ombe, yule yuko sokoni na mama yake, mwingine kapelekwa kwa bibi Rombo. Madarasa yana kufuli. Ni kiangazi, njia za mlima zimekauka na Serengeti inapitika vizuri. Kifurushi kinachouzwa huko kwao kimepangwa kikapangika: wiki mbili za watoto, siku sita au saba za kupanda Kilimanjaro, siku tatu za mbugani, kisha Zanzibar kupumzika. Kitu pekee ambacho mpangaji hakukiuliza ni shule inafungwa lini.

Wanaofika Juni huelekezwa kwenye chekechea za watu binafsi na vituo vya kulelea watoto, maana huko mlango hauna likizo. Wanaofika Julai huikuta shule imefunguliwa na imeshaanza kukimbizana na kalenda. Mtihani wa taifa wa darasa la saba ni Septemba, na upimaji wa darasa la nne unafuata nyuma yake. Mwalimu mkuu kabandika ukutani matokeo ya mwaka jana, afisa elimu kata anapita kila mara, wazazi wanauliza. Hapo ndipo mavolontia wanapobisha hodi ofisini, fulana zao rangi moja, wamebeba boksi la penseli za rangi.

Siandiki haya kuwacheka. Wengi niliowahi kukaa nao ni vijana wapole, wamelelewa vizuri, na fedha za safari wamezikusanya kwa kuuza keki na kuchangisha ndugu. Hujitahidi na lugha. Utamsikia mmoja anamwamkia mtoto wa chekechea "Shikamoo!", na mtoto, kwa adabu zote, anaitikia "Marahaba." Tatizo la sura hii haliko kwenye mioyo yao.

Twende darasani. Ni darasa la nne, shule ya serikali pembezoni mwa mji, kipindi cha hisabati cha dakika 40, nami nimeruhusiwa kukaa dawati la nyuma. Mbele yupo binti Mjerumani aliyemaliza sekondari miezi michache iliyopita. Mwalimu wa darasa, mama wa makamo, kajibanza dirishani na rundo la madaftari ya kusahihisha. Kwanza wimbo. Ni ule wa Kiingereza wa kushika kichwa, mabega, magoti na vidole vya miguu, na watoto wanauimba kabla mgeni hajaumaliza mstari wa kwanza, kwa kuwa kundi lililopita liliwafundisha, na lililotangulia kabla ya hilo pia. Dakika kumi zimekwenda. Kisha kugawanya. Binti anaandika ubaoni 84 : 4, anaweka alama ya sawasawa upande wa kulia, na kuanza kushusha tarakimu chini yake hatua kwa hatua.

Hakukosea. Ujerumani ndivyo wanavyogawanya, kwa nukta mbili, na jibu huandikwa kando. Watoto wetu wamezoea kistari chenye nukta juu na chini, na kugawanya kwa kirefu hukufanya ndani ya kile kibanda chenye paa, jibu likikaa juu ya paa. Nilichungulia madaftari ya jirani zangu. Mmoja kanakili nukta mbili akadhani ni alama ya uandishi, akaendelea na herufi kubwa. Mwingine kaandika 844. Mgeni akageuka na kuuliza kwa Kiingereza kama wameelewa, darasa zima likajibu kwa sauti moja, "Yes, madam!" Mtoto wa Kitanzania aliyefika darasa la nne anajua kwamba swali hilo lina jibu moja tu.

Kengele ilipogongwa (ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini) nilimfuata mwalimu wa darasa hadi barazani.

"Kesho itabidi nirudie," alisema. "Mada hii nilishaipita, tulikuwa tunaingia kwenye sehemu."

"Sasa kwa nini hukumwambia, mwalimu?"

"Kaka, mgeni kaletwa na mkuu, na mkuu kaletewa na kampuni. Nimwambie nani? Yule binti hana kosa. Angeniuliza tu tumefika wapi."

Mwaka wetu wa masomo una siku 194. Vipindi viwili vikipotea, kimoja kwa nukta mbili na kingine cha kuifuta nukta hiyo, hakuna mtu atakayevirudisha mwishoni mwa Novemba. Kampuni inayompanga kijana ilipokea fedha ikatoa risiti. Hosteli nayo ilitoa risiti, na dereva wa mbugani akapata bahashishi. Aliyelipa bila risiti ni mtoto wa dawati la nyuma, na alicholipa ni muda wake wa darasani. Sijawahi kuona tovuti inayoutaja katika orodha ya gharama, na ndiyo sababu nimeona suala hili linastahili sura nzima.

Kuna wakati hesabu ilikuwa tofauti. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, wahitimu wake wa chuo kikuu walikuwa wachache wa kuhesabika, na sekondari zilihitaji walimu haraka. Mwaka huohuo, kwa mpango ulioendeshwa na chuo cha ualimu cha Columbia University cha New York, vijana wa Kimarekani wenye shahada walianza kuja kuwa walimu katika Kenya, Uganda na Tanganyika, na kundi la mwanzo lilipitia Makerere kwa mafunzo kabla ya kugawiwa shule. Rais Kennedy wa Marekani alikuwa ametia sahihi amri ya kuanzisha Peace Corps, shirika la watu wa kujitolea, tarehe 1 Machi 1961, na kundi la kwanza lililoletwa kwetu halikuwa hata la walimu. Lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, kwa sababu barabara ndizo zilizoombwa. Neno la kushika hapo ni "zilizoombwa". Serikali changa ilisema inataka nini, na mgeni akaja na alichotakiwa kuja nacho.

Waingereza walianza kutuma watu mapema kidogo. Alec Dickson na mkewe Mora waliunda shirika la kujitolea la VSO mwaka 1958, na wa kwanza kutumwa walikuwa vijana waliotoka tu sekondari, rika la yule binti wa nukta mbili. Kufikia 1962 wahitimu wa vyuo waliingizwa, na kadiri miaka ilivyokwenda shirika hilo liligeukia watu wenye fani mkononi, kwa kuwa nchi zilizowapokea zilitaka mtu anayejua kazi. Kwa hiyo somo tunalodhani ni jipya lilikwisha kujifunzwa zamani. Baadaye biashara ilikuja ikalisahau.

Nyerere naye alikuwa na lake. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, na taifa likaanza kujiuliza kwa nguvu mtoto wa mkulima anafundishwa nini, na nani, ili aje kuwa nani. Kufikia 1969 Peace Corps walikuwa wameondoka nchini, wakarudi 1979. Wazee waliosoma sekondari miaka ya sitini bado watakutajia mwalimu wao Mmarekani wa fizikia kwa jina na kwa lafudhi. Alikaa nao miaka miwili, aliwasahihishia madaftari, na aliugua malaria palepale walipougua wao.

Mwaka 1968 padri mmoja mzaliwa wa Vienna, Ivan Illich, alialikwa kuzungumza na wanafunzi wa Kimarekani waliokuwa wakienda Mexico kila kiangazi kusaidia vijiji. Waliomwalika walitarajia labda kupongezwa kidogo. Aliwaambia waache kwenda. Waje kutazama, kujifunza, hata kutembea kama watalii, ila wasije kujitia wakombozi wa watu ambao hawakuwaita na ambao hawawezi hata kuwaambia kwa lugha yao kwamba hawatakiwi. Hotuba ile ni kali mno kwa maoni yangu. Inamfungia nje hata daktari wa meno. Lakini hoja yake ya lugha haijapata jibu hadi leo. Mtu asiyeweza kutukanwa na wanafunzi wake akaelewa hajawa mwalimu wao.

Mfano wa nyumbani ninaoupenda zaidi umeandikwa na mgeni mwenyewe. Pippa Biddle, mwandishi wa Marekani, alisimulia mwaka 2014 jinsi alipokuwa msichana wa shule ya bweni alivyoletwa Tanzania na wenzake kujenga maktaba kwenye kituo cha yatima. Dola 3,000 zilinunua wiki moja ya kituo na wiki moja ya mbuga. Mabinti wakapanga matofali kutwa nzima. Usiku, wao wakiwa wamelala, mafundi wa pale waliubomoa ukuta uliopinda wakaujenga upya, ili asubuhi wageni wakute kazi yao inaendelea vizuri. Yeye aligundua kwa bahati tu. Simulizi hiyo ilisomwa sana kwao kama habari ya aibu ya wageni. Mimi huwa namfikiria fundi. Mchana kamwachia mgeni mwiko, usiku kaushika kwa tochi. Sijui kama kuna sehemu nyingine ambako fundi hulipwa ili kazi yake ionekane ya mwingine. Na dola 3,000, ukizipiga kwa shilingi ya mwaka 2022, zinapita milioni 6. Kima cha chini cha mtumishi wa umma mwaka huo kilipandishwa hadi shilingi 370,000 kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe zingemweka fundi au mwalimu kazini kwa muda gani.

Ukuta uliopinda hurekebishika. Kwenye vituo vya watoto mambo ni mazito zaidi, na huko ndiko wageni wa Juni wanakoishia.

Cambodia ndiko mambo hayo yalikoonekana wazi kuliko kwingine. Kati ya 2005 na 2010 vituo vya kulelea watoto viliongezeka kwa asilimia 75, wakati nchi iko katika amani na utalii unakua. Utafiti uliohusisha UNICEF ukaonyesha kwamba karibu watoto watatu katika kila wanne waliokuwa humo walikuwa na mzazi aliye hai. Hawakuwa yatima. Walikuwa watoto wa maskini, wameahidiwa shule na sahani ya wali. Mwenye kituo alihitaji watoto ili apate wageni, na aliwahitaji wageni ili apate fedha. Mtoto aliyevaa vibaya alichangiwa zaidi kuliko aliyevaa vizuri, kwa hiyo nguo nzuri zilikaa kabatini. Mwaka 2011 shirika la Friends-International lilianzisha huko kampeni ya kuwakumbusha watalii kwamba mtoto si kivutio.

Dunia imeanza kusogea. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya Novemba 2017. Australia ilipotunga sheria yake dhidi ya utumwa mamboleo mwaka 2018, suala la watoto kutolewa kwa wazazi na kuingizwa vituoni ili kuvuta michango lilikuwa mezani. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio linalotaja madhara ya kujitolea kwenye vituo vya yatima kwa njia ya utalii. Kwetu, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo kiwe na leseni na kikaguliwe na ustawi wa jamii. Sheria ni nzuri. Lakini afisa ustawi mmoja mwenye kata kadhaa na pikipiki isiyo na mafuta hawezi kubisha kila geti lililoandikwa neno la Kiingereza lenye maana ya tumaini.

Wageni wengi huniambia kitu kilekile kuhusu vituo hivi: watoto wana upendo wa ajabu. Unafika tu, hata jina hujataja, wamekurukia, mmoja kakalia paja, mwingine anakusuka. Mtoto wa dada yangu wa miaka minne, ukiingia kwao hujulikani, anakimbilia nyuma ya khanga ya mama yake na kukuchungulia kutoka huko. Huyo ndiye mtoto aliyetulia. Anayemkumbatia kila anayeingia getini ni mtoto ambaye watu wengi mno wamemtokea getini wakatoka, na maafisa ustawi wanaoijua kazi yao huisoma dalili hiyo kwa wasiwasi.

Sasa tugeuze ndege. Ujerumani ina mpango wa serikali uitwao weltwärts, ulioanza 2008, unaowaleta vijana wake nchi za Kusini, wengi kwa mwaka mzima. Tangu 2013 una mkono wa pili: vijana wa Kusini, Watanzania wakiwamo, wanakwenda kujitolea Ujerumani. Wapo walioondoka Moshi wakafika kwenye chekechea za miji midogo ambako watoto walikuwa hawajawahi kumgusa mtu mwenye nywele kama za vijana hao. Tazama wanavyopokelewa. Wanajifunza Kijerumani kabla ya kupewa chochote cha maana. Sheria iliyoanza Machi 2020 inamtaka afanyaye kazi na watoto chekechea aonyeshe kwamba ana kinga ya surua. Anayeajiriwa au kujitolea karibu na watoto hudaiwa hati maalumu ya polisi kuhusu makosa aliyowahi kutenda. Kijana wetu hakabidhiwi darasa. Anafunga kamba za viatu, anafuta meza, anaketi kwenye duara na kuimba, na juu yake yupo mlezi aliyesomea kazi hiyo kwa miaka. Akirudi, kajifunza mengi, na mtoto wa Kijerumani hakupoteza kipindi hata kimoja.

Hakuna Mjerumani anayeona utaratibu huo ni dharau kwa Mtanzania, wala Mtanzania hauoni hivyo. Lakini jaribu kumdai mgeni hati ya polisi katika ofisi ya shule zetu. Mwalimu mkuu ataona haya. Tumezoea kumpa mgeni kiti na soda, na kumhoji tunaona ni kumfukuza. Sheria za uhamiaji zinamtaka mtu anayekuja kujitolea awe na kibali, kile cha daraja C kikiwa ndicho cha kundi lake pamoja na wamisionari na watafiti. Wangapi kati ya wa wiki mbili wanacho, waulize walio na kazi ya kuuliza.

Haya yote hayana maana kwamba mgeni hafai kitu. Wajapani wanaoletwa na shirika la serikali yao la JICA, ambao wamekuwa wakija Tanzania tangu 1967, hupita kwanza kwenye kambi ya mafunzo, mojawapo ikiwa Komagane katika mkoa wa Nagano, na wanaopangiwa kwetu hupigishwa Kiswahili kutwa kabla hawajapanda ndege. Ukikutana na mmoja wao anayefundisha hesabu sekondari ya kata, usishangae akikukosoa ngeli. Wa Peace Corps hukaa na familia kwa wiki kadhaa, wanachota maji na kusonga ugali mbovu, kisha huhamia shuleni kwa miaka miwili, wakiwa na azimio la kazi na andalio la somo kama mwalimu mwingine yeyote, na mkuu wa shule anayeweza kuwauliza kwa nini silabasi haijaisha. Umuhimu wao ulionekana siku walipoondolewa. Machi 2020, kwa sababu ya corona, Peace Corps waliwarudisha nyumbani watu wao wote duniani, takriban 7,000, ndani ya siku chache. Shule ambazo mwalimu pekee wa fizikia alikuwa yule Mmarekani zilibaki na kitabu. Hata mgeni mzuri ana ndege yake.

Ndipo ninapofika kwa mtu ambaye makampuni ya safari hayamjui kabisa. Kwenye sekondari nyingi za kata, anayeshika fizikia au hesabu ni kijana wa Kitanzania aliyemaliza shahada ya ualimu na hajapata ajira. Anaitwa mwalimu wa kujitolea. Posho yake hutoka kwenye michango ya wazazi, na mwezi ambao mahindi hayajauzwa haitoki. Anasubiri tangazo la ajira ambalo likitoka hugombewa na maelfu kwa maelfu. Ana cheti, ana lugha, anajua kugawanya kwa kibanda, na anajua kwamba mtoto aliyesinzia kipindi cha kwanza hakunywa chai. Hakuna anayempiga picha. Kundi moja la wageni wa Juni, likichanga nusu tu ya fedha lilizolipia safari, lingemlipa mwaka mzima. Nimelisema hilo mbele ya wamiliki wawili watatu wa hosteli. Jibu lao ni la kweli kibiashara: hakuna mteja anayenunua tiketi ili mtu mwingine afundishe.

Shule ile ya darasa la nne ilipata mkuu mpya, mwanamke asiyeona haya. Aliandika barua ya ukurasa mmoja kwa makampuni yote yanayomletea watu. Asubuhi darasa ni la mwalimu, na mgeni anakaribishwa kukaa nyuma, kusahihisha madaftari na kusikiliza watoto wakisoma mmojammoja, kazi ambayo mwalimu mwenye watoto sabini haifikii. Kufundisha, michezo, nyimbo na maktaba ni saa tisa alasiri baada ya vipindi, kwa watoto wanaotaka kubaki. Asiyeweza kukaa muhula mzima asiombe zaidi ya hapo. Hati ya polisi iletwe. Mwezi wa kwanza makampuni mengi yalijibu kwa shukrani na kuahidi kuzingatia. Baadaye ikajulikana kwamba saa tisa ndiyo saa gari linapoondoka hosteli kwenda kuogelea kwenye chemchemi ya Chemka, na kwamba safari hiyo imo kwenye kifurushi na imeshalipiwa. Makundi yakapungua hadi kufika mawili. Moja ni la wastaafu wa Uholanzi, waliokuwa walimu, ambao kuogelea hawakutaka. Kazi yao wakati napita mara ya mwisho ilikuwa kusikiliza kusoma, mtoto mmoja baada ya mwingine, chini ya ule mwarobaini, kwa Kiswahili kibovu ambacho watoto walikuwa wakikisahihisha bila huruma.